Viazi vya Maji ya Bahari

S.L.P. 41, Malindi
14 Juni 1986

Kwako wifi yangu Nyaboke,

Salamu nyingi kutoka pwani, zikufikie huko Nairobi kabla baridi ya Julai haijawagandisha. Sisi hatujambo. Masha amepata kazi ya kujenga huko Kakuyuni, kila jioni anarudi mweupe kwa chokaa utadhani kaangukia pipa la unga. Kache meno ya mbele yamemng'oka na hataki kucheka mbele za watu. Je, Joram na dadake? Na huyo kaka yangu Gitau, bado anasoma gazeti mezani kana kwamba anakaa peke yake?

Sasa jambo lenyewe. Unajua kazi yangu ni kuangalia zile nyumba za kupangisha za kina Kishor hapa ufuoni. Moja iko wazi wiki nzima ya Agosti, na Kishor amekubali niwachukulie ndugu zangu kwa bei ya mfanyakazi. Si hoteli, usije ukaota. Ni nyumba ya kujipikia: vitanda, vyandarua, jiko la gesi, sufuria, na bahari mbele ya mlango. Hotelini watu hulipa wakaletewa viazi vitatu juu ya sahani pana kama beseni. Hapa mnakuja na gunia lenu kutoka kwa Baba huko Kinangop, mnakula mpaka mnasinzia.

Nimesema kwa Baba makusudi. Gitau ameniandikia kwamba Baba amekubali kuja nanyi. Miaka tisa hatujaonana, tangu niolewe na Masha bila yeye kuambiwa. Gitau alioa Mkisii akapigiwa vigelegele. Mimi nikaolewa na Mgiriama nikahesabiwa nimekufa. Kwangu hatalala, hilo amelisema wazi, lakini kwa Mhindi atalala. Basi na alale. Nitapata wiki ya kumwona. Nakuomba, usiache kitu chochote kiiharibu safari hii.

Ni mimi wifi yako,
Wanjira

*

Nairobi
6 Julai 1986

Dada Wanjira,

Shikamoo. Unaona, nimeanza adabu za pwani hata kabla sijapanda basi. Kiswahili chako nacho kimenenepa, barua yako niliisoma mara mbili ndipo nikashiba. Sisi wazima. Joram alikuwa na kikohozi, sasa amepona na anakohoa kwa kupenda tu. Mama yangu amevuna mahindi vizuri huko Kisii. Gitau na gazeti lake wanakusalimu.

Habari ya safari imenifurahisha mno. Mimi nimezaliwa milimani, maji mengi niliyowahi kuyaona ni ya mto uliofurika. Ninataka kitu kimoja tu huko kwenu: niingie baharini mpaka kiunoni, nisimame, nisifanye lolote. Nisiulizwe na mtu chumvi iko wapi.

Naomba kuuliza, dada. Nyumba hiyo ni moja au ziko mbili pamoja? Baba atalala wapi? Hakuna kibanda kingine karibu, hata kidogo, hata cha mlinzi? Na jikoni kuna mlango wa nyuma? Usinielewe vibaya, nauliza tu. Gitau anasema maswali yangu ni mengi kuliko mizigo yetu.

Wako,
Nyaboke

*

Malindi
20 Julai 1986

Wifi Nyaboke,

Marahaba, na mapokezi yako yako tayari. Mvua imekatika, upepo ni mzuri, na Masha ameninunulia mkeka mpya ili tusiwatie aibu.

Kuhusu nyumba, ondoa wasiwasi. Ni moja, kubwa, nyote chini ya paa moja kama watu wa mlango mmoja. Baba nimempa chumba cha mbele. Barazani nimemwekea kiti kirefu, kile cha kunyoosha miguu, uso kwa bahari. Anayetoka na anayeingia sharti apite mbele yake, apate heshima yake. Mlango wa nyuma ulikuwapo, lakini tumbili walikuwa wakiingia jikoni wakiiba ndizi mpaka sabuni, Kishor akauziba kwa mawe na dirisha akalitia wavu. Wewe una haja gani na mlango wa nyuma? Unataka kututoroka?

Njooni tu. Sijalala vizuri kwa furaha.

Wanjira

*

Malindi
7 Septemba 1986

Wifi yangu,

Natumaini uchovu wa safari umekwisha na watoto wamerudi shule. Nyumba nimeifagia lakini mchanga wa Joram bado unatoka chini ya vitanda. Kache anauliza mtarudi lini.

Sijui nianze wapi kukushukuru. Baba alipofika hakunipa mkono, uliona. Lakini siku ya tatu aliniuliza kama Kache anakwenda shule. Aliniuliza mimi! Na siku ya mwisho akasema, "Huyo mtoto ana macho ya mama yangu." Nilikwenda nyuma ya ile miti ya mivinje ufuoni nikalia kama mjinga. Chakula changu hakukigusa, wale samaki wangu wa kupaka aliwasukumia watoto, lakini chakula chako alikula mpaka akafuta sahani. Bila wewe angeondoka siku ya pili kwa njaa. Nilimwambia Masha kwamba kaka yangu amebahatika, mkewe ni mchapakazi asiyejua kuketi.

Gitau amekwisha kumwomba Kishor nyumba ileile kwa Desemba. Baba amesema "tutaona," nawe unamjua, "tutaona" yake ndiyo hiyo hiyo "ndiyo." Sema kweli, hata hoteli ingetupa nini zaidi?

Jambo moja limenikaa. Hukuja baharini hata mara moja. Nilikuita kutoka mchangani, ukanijibu kutoka ndani kwamba maharagwe yako motoni. Siku zote maharagwe? Au bahari yetu haikukupendeza?

Nijibu upesi.
Wanjira

*

Malindi
26 Oktoba 1986

Nyaboke,

Hujambo? Kwetu wazima, ila Kache ana majipu.

Kimya kingi kina mshindo. Barua yangu ya Septemba imeliwa na posta au imeliwa nawe? Gitau ameniandikia kwamba Desemba hutaki kuja, na ukiulizwa sababu unaondoka kwenda kuanua nguo. Sasa nikuulize mimi. Usipokuja, Baba atapikiwa na nani? Gitau hajui hata maji yanavyochemka. Mimi chakula changu hakiliki. Asipopikiwa haji, na asipokuja sina njia nyingine ya kumpata, maana Kinangop nimekatazwa kukanyaga.

Kama umechoka, sote tumechoka. Na kama majirani zako wanakwenda hoteli na wewe unaona haya kujipikia, sema hivyo, nitakuelewa. Lakini usinyamaze.

Wanjira

*

Nairobi
9 Novemba 1986

Dada Wanjira,

Shikamoo. Pole kwa majipu ya Kache, mkande kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi. Watoto wazima. Gitau mzima.

Barua zako zote mbili zilifika. Ya kwanza niliilaza chini ya godoro. Ya pili nimeisoma nimesimama. Sikujibu kwa sababu nikiandika kweli nitakunyang'anya baba yako, na nikiandika uongo nitarudishwa jikoni kule. Leo nimechagua kweli. Unisamehe.

Kwetu Kisii mwanamke na baba wa mumewe wana mpaka kati yao. Tunauita chinsoni. Halali chini ya paa ninalolala mimi. Haoni kitanda changu. Siwezi kupita mbele yake na nguo ya kuogea, wala kuruka miguu yake, wala kukutana naye mlangoni pa bafu na taulo begani. Si chuki, dada. Baba yenu nampenda. Akija Nairobi humlaza kwa jirani yetu Musembi, na mwenyewe hajawahi kuuliza kwa nini. Gitau anayajua haya yote. Nilipomkumbusha kabla ya safari alisema mila tutaziacha kituo cha basi, tutazichukua tukirudi. Yeye aliziacha. Mimi sikuweza.

Na wewe, kwa mapenzi yako, ulimwekea Baba kiti penye njia pekee ya kutoka. Kutoka chai ya asubuhi mpaka taa zinawashwa alikuwa pale, miguu ameinyoosha hadi kwenye nguzo. Nilipita siku ya kufika nimebeba masanduku, nikapita siku ya kuondoka nimebeba masufuria. Katikati sikupita. Usiku Gitau alilala chumbani, ukuta mmoja na baba yake; mimi nilitandika magunia jikoni nikalala kando ya mtungi wa gesi, nikimsikia mzee akikohoa na kuona haya hata kwa kumsikia. Kuoga nilioga nyote mkiwa mmelala. Nanyi mkanisifu. Kila aliyechungulia alisema huyu hana uvivu. Nikilia mnadhani nakata vitunguu. Dirisha lako lina wavu wa tumbili, dada, na niliona kweli mimi ndiye tumbili, ila wa ndani.

Mtu mmoja alijua. Shemeji Masha. Yeye naye barazani hakupita, kwa sababu unayoijua. Kila jioni akija kukuchukua alizunguka nyuma, akasimama nje ya wavu, mimi ndani. Hatukuelezana kitu. Aliniambia tu, "Shemeji, leo maji yamekupwa mbali, mwamba wote uko nje." Au, "Leo yamejaa." Ndivyo nilivyoiona bahari yenu. Siku moja watoto waliniletea maji yake ndani ya sufuria, wakaniambia, "Mama, shika." Nikashika. Kisha nikachemshia viazi. Nikamsikia Baba huko mbele akisema leo chumvi imekolea.

Unauliza hoteli ingetupa nini zaidi. Hoteli wanakuuzia kupumzika. Nyumba ya kujipikia wanamuuzia mume kupumzika, na mke wanamhamishia jiko. Hata kama Baba asingekuja ningesema hivyo. Hoteli hatuiwezi, najua. Lakini hiyo tusiiite likizo.

Basi umejua. Ukiniambia nije Desemba kwa ajili yako, nitakuja, nitaingia tena mle ndani. Sina moyo wa kukukatalia wewe. Ndiyo maana nilinyamaza.

Nyaboke

*

Malindi
30 Novemba 1986

Wifi yangu Nyaboke,

Kache amepona, majipu yamekauka. Masha anakusalimu. Safari hii ninamaanisha kweli: yeye mwenyewe alisema niandike.

Barua yako ilinikasirisha. Nilikaa na hasira siku nyingi, nikipiga vyombo. Nilisema, mbona hakuniambia? Kisha nikakumbuka uliuliza habari ya mlango wa nyuma, nami nikakufanyia mzaha. Nikamgeukia Masha. Nikamwambia, "Kumbe ulijua?"

Akasema, "Nalijua."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa na babako," akasema. "Ningekutoaje pale?"

Nilikuwa nimeketi barazani nikiokota kila neno litokalo kinywani mwa Baba, na nyuma ya nyumba ileile wamesimama watu wangu wawili, mmoja ndani na mwingine nje, wote kwa sababu ya kiti nilichokiweka mimi kwa mikono yangu. Naona haya, Nyaboke. Mambo ya Masha ni mabaya zaidi, maana hayo nilikuwa nayajua nikayazoea.

Kwa hiyo nimemwandikia Baba. Nimemwambia nyumba ya kina Kishor Desemba hii ni ya Gitau na mkewe na watoto. Chumba chake yeye kiko tayari, nyumbani kwangu na kwa mume wangu Masha, na chakula atapikiwa kwa mkono wangu. Kama hayo yatamshinda, nitasikitika sana, lakini mahali pengine pa kumlaza sina. Jina la Masha nimeliandika kila nilipoweza kulichomeka. Barua nimeitia posta mbio kabla mkono haujanigeuka.

Sijui nimefanya nini. Usiku nashtuka nikidhani bado naweza kwenda kuitoa sandukuni.

Wanjira

*

Nairobi
14 Desemba 1986

Dada,

Shikamoo. Watoto wamefunga shule. Joram amekuwa wa tisa, si vibaya.

Gitau alikwenda Kinangop akamsomea Baba barua yako, maana macho yake siku hizi hayaoni vizuri. Anasema ilipofika penye jina la Masha, Baba alimwambia arudie. Akarudia. Baba akasema, "Basi mimi siendi," akachukua fimbo akatoka kwenda kwa kondoo wake.

Gitau ananinunia. Anasema nimemgombanisha mzee na watoto wake kwa mambo ya kikale. Alitaka tuvunje safari. Nikamwambia mimi na watoto tunakwenda, akitaka abaki na gazeti. Sasa naye anafunga mizigo.

Nimekuponza, Wanjira. Ulinipa bahari kwa kulipa baba yako. Sijui nitakutazamaje nikishuka kwenye basi.

Nyaboke

*

Malindi
25 Januari 1987

Wifi yangu mpendwa,

Mwaka mpya uwe mwema kwenu nyote. Natumaini ngozi ya mabega imekwisha kubanduka. Kwetu joto limezidi, hata kuku wanatembea midomo wazi. Sufuria aliyoiunguza Gitau siku ile alipojitolea kupika bado naisugua kwa mchanga, lakini sitasema neno, angalau alijitolea. Zile siku nyingine kupika ulipika wewe. Hilo sikuweza kukuondolea, na naona ulichosema ni kweli: jiko ni jiko hata likiwekwa mchangani.

Sikukuambia ulipokuwa hapa, nitakuambia sasa. Siku ya kwanza ulisimama ufuoni umeipa bahari mgongo, unaangalia barazani. Kiti nilikuwa nimekwisha kukiingiza stoo, na bado uliangalia. Siku ya pili vilevile. Nilisema moyoni, nimemtoa bure, ametoka na kuta zake. Halafu asubuhi ile maji yamejaa, ukaingia na gauni lako lote mpaka kiunoni ukasimama. Muda mrefu. Joram akakuita akitaka mkate, ukanyamaza. Nilikuwa nyuma ya mivinje nikikutazama, na nakuapia sikujuta. Nilimlilia Baba, ndiyo. Lakini sikujuta, kwa hiyo kuanzia leo acha kuniomba msamaha.

Sasa sikia. Juzi Masha aliitwa ofisi ya basi akachukue mzigo. Alirudi na mkokoteni wa kukodi, gunia juu yake. Nikadhani ni la Kishor. Akaligeuza. Kwa ile rangi nyekundu ya kutia kondoo alama, kwa herufi kubwa za mtu asiyeona vizuri, Baba ameandika MASHA, MALINDI.

Jina langu hakuliandika. La Kishor hakuliandika, ingawa analijua, na watu wa basi wanalijua zaidi. Gitau atasema ni kwa kuwa mizigo huchukuliwa na wanaume. Na aseme. Miaka tisa Baba hajalitamka jina hilo, akilazimika husema "huyo wa huko." Leo ameinama juu ya gunia na brashi yake akalichora herufi moja moja. Ya mwisho imechuruzika mpaka chini.

Viazi vyenyewe ni vile vyekundu vya shamba la juu. Barua hamna ndani. Nilitafuta mpaka sakafu ya gunia, Masha akinicheka. Sijui kama Baba atakuja. Huenda asije kamwe, nami nitakaa hapa nikitandika vitanda vya watu walioletewa baba zao, na Kinangop nitaisikia kwa barua za watu.

Lakini jana nilishuka ufuoni na ile sufuria ya Gitau, nikateka maji ya bahari, nikayazimua kidogo na ya bomba, nikachemshia viazi. Tulikula tukiwa tumeacha mlango wazi. Masha alikula kama mtu aliyealikwa. Kache alikula. Nami nikala, nikalia pale pale mezani mbele yao, na hapakuwa na kitunguu hata kimoja.

Gunia nilitaka kulifua, Masha amekataa. Anasema litakaa kama lilivyo.

Ukipata namna ya kumfikishia Baba, kwa njia zenu mnazozijua wewe na yeye, mwambie chumvi ilikolea.

Wifi yako,
Wanjira wa Masha